Ramani ya kale ya Fort Jesus: namna ya kuisoma bila kupotea

Iweke ramani ya Kireno ya Mombasa ya karne ya 17 kando ya picha ya setilaiti, na jambo la kwanza utakalodhani ni kwamba mchoraji alikuwa amelewa. Kisiwa kimebanwa, mikono ya bahari imenenepa, ngome ya Fort Jesus imekua mpaka inataka kuumeza mji. Nyumba zimesimama wima kana kwamba unazitazama ukiwa mashuani, ilhali kuta za ngome unaziona kama ndege. Wengi huishia hapo: ramani ya zamani, watu hawakujua kupima, tuendelee.

Walijua. Mafundi waliojenga Fort Jesus walihesabu kwa shubiri, na ukienda leo Ngomeni utaona pembe zao zilivyonyooka. Ramani zao zimepinda kwa sababu zilichorwa kujibu maswali ambayo sisi hatuulizi tukitafuta njia ya kwenda Nyali. Mzinga wangu unafika wapi? Adui atapita wapi akija? Nikifungiwa ndani, maji ya kunywa nitayatoa wapi? Ukiisoma karatasi ile kwa maswali hayo, upinde wake unaanza kuwa na maana. Utaona pia kitu ambacho mchoraji hakukusudia ukione, nacho ni alichokuwa akikiogopa, na alichosahau kukiogopa.

Tuanze na ngome yenyewe, maana ilikuwa mchoro kabla ya kuwa jiwe. Ujenzi ulianza mwaka 1593, kwa mchoro wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano aliyekuwa mkuu wa majengo ya Wareno upande huu wa dunia. Mwitaliano kuwachorea Wareno si ajabu: tangu mwaka 1580 mfalme wa Hispania, Felipe wa Pili, alikuwa ndiye mfalme wa Ureno pia, na Waitaliano ndio waliokuwa mabingwa wa ujenzi wa ngome za zama za baruti. Hata majina ya buruji nne za Fort Jesus, zile ngome ndogo zinazotokeza pembeni mwa kuta, ni orodha ya wakubwa wa siku hizo. São Filipe ni ya mfalme, Santo Alberto ya mtawala aliyemwakilisha mfalme Lisbon, São Matias ya gavana mkuu aliyekaa Goa, makao ya Wareno huko India, Matias de Albuquerque, na São Mateus ya kapteni wa kwanza wa ngome, Mateus Mendes de Vasconcelos. Kila mmoja alipewa mtakatifu wa jina lake, wakubwa wakaridhika.

Wanaotembeza wageni hupenda kusema kwamba ukiitazama ngome kutoka juu unaona mtu amelala chali: kichwa baharini, mikono na miguu ndizo buruji. Ni kweli kwamba wasanifu wa Italia wa enzi zile waliupenda sana mwili wa binadamu kama kipimo cha uwiano, na picha hiyo inasaidia kukumbuka umbo. Lakini ukiniuliza mimi, mzinga unaeleza mengi zaidi kuliko mwili.

Kwa nini ngome ina pembe

Chukua mnara wa duara, wa aina iliyojengwa kabla ya mizinga kuwa na nguvu. Askari akisimama juu anawaona walio mbali. Aliyefika chini kabisa, akajibana kwenye tumbo la mnara, haoni tena, wala mzinga hauwezi kuinamishwa kiasi hicho. Mnara wa jirani nao hausaidii, kwa sababu upinde wa duara unamficha mtu yule. Basi kuna kijieneo ambacho hakuna risasi inayokifikia, na hapo ndipo adui huchimba, huweka baruti, huangusha ukuta.

Wahandisi wa Italia walilitatua jambo hili kwa rula. Waliuliza: nikivuta mstari ulionyooka kutoka kila mdomo wa mzinga, ni wapi mstari haufiki? Kisha wakalikata jengo mpaka sehemu ile ikaisha. Likabaki umbo la buruji yenye ncha, inayotokeza nje ya ukuta, ambayo ubavu wake unatazama ubavu wa buruji ya pili. Mzinga uliowekwa ubavuni haupigi mbele, unapiga kando, ukifagia uso wa ukuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Adui aliyefika ukutani anajikuta katikati ya mizinga miwili inayotazamana.

Hii ndiyo sababu ramani ya ngome ya zama hizo husomwa kwa kuanzia pembe. Usitazame kuta ndefu kwanza. Weka rula kwenye ubavu wa buruji, vuta mstari, uone unapita wapi. Mistari hiyo haijachorwa, ila jengo lote limechorwa kwa ajili yake.

Sasa fanya hivyo kwenye ramani ya Fort Jesus, na utakutana na jambo la kushangaza. Ngome iko ukingoni mwa bahari, kwenye mwamba wa matumbawe kwenye mlango wa bandari ya kale. Ungetegemea akili yote ya mhandisi iwe imeelekezwa majini. Haikuwa hivyo. Buruji mbili za upande wa nchi kavu, São Filipe na Santo Alberto, ndizo zilizopewa mbavu zinazotazamana kama nilivyoeleza. Upande huohuo ndio uliochimbiwa handaki ndani ya mwamba. Upande wa bahari kuna sehemu ya mstatili iliyotokeza, ya kupiga merikebu zinazoingia, na buruji zake ni za kawaida zaidi. Lango kuu limejificha kwenye kivuli cha São Matias.

Maana yake? Mwenye ngome hii aliamini bahari ni yake. Aliyoyaogopa yalikuwa nyuma yake, nchi kavu. Karatasi moja, bila neno hata moja la maelezo, inakwambia hivyo.

Makupa, mahali padogo palipochorwa pakubwa

Ramani ya kijeshi ikiitwa ya ngome "na viunga vyake", mara nyingi viunga ndivyo vyenye habari. Mwaka 1635 ilikamilishwa huko Goa kazi kubwa ya kueleza ngome na miji yote ya Wareno kuanzia Afrika Mashariki hadi Mashariki ya Mbali. António Bocarro aliandika maelezo, Pedro Barreto de Resende akashughulikia michoro. Mombasa imo. Ni michoro ya mtindo niliouanza nao, wa kuchanganya mwono wa ndege na mwono wa baharia, na wa kukuza kile ambacho mfalme anakilipia.

Kwenye Mombasa ile, jicho la askari linakimbia kutoka ngomeni, linauvuka mji, linakwenda kutua upande wa pili wa kisiwa, Makupa. Hapo palikuwa na kivuko ambapo maji yakikupwa mtu aliweza kuvuka kwa miguu kutoka bara. Wareno walijenga vijingome vya kukilinda. Kwa ukubwa wa ardhi, kivuko kile ni kijisehemu tu cha pwani ya kisiwa. Kwa ukubwa wa wasiwasi, kilikuwa nusu ya ramani.

Sababu ilikuwa bado mbichi vichwani. Mwaka 1589, miaka minne kabla ya jiwe la kwanza la ngome kuwekwa, kundi la wapiganaji walioitwa Wazimba lilikuwa limefika bara mkabala na kisiwa. Wakati huohuo merikebu za Wareno chini ya Tomé de Sousa Coutinho zilikuja kumwinda Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuwa ameungwa mkono na Mombasa. Mji ukabanwa pande zote mbili, Wazimba wakavuka, na watu wakawa hawana pa kukimbilia, huku jino huku ulimi. Wareno walishuhudia kwa macho yao kile ambacho kivuko kile kinaweza kufanya. Walipokuja kukaa wenyewe, wakakumbuka.

Hapa kuna shida ambayo mchoro wowote wa pwani unayo: umeganda, na maji hayagandi. Mombasa maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kivuko cha saa sita si kivuko cha saa kumi na mbili. Mstari wa pwani ulioko kwenye karatasi ni wa saa gani? Ramani nyingi za kijeshi za wakati ule hazisemi, na msomaji wa leo huubeba mstari ule kama ukingo wa kweli, kisha akashangaa kwa nini haulingani na wa sasa. Ramani za wanamaji zilikuwa na nidhamu zaidi. Kapteni William Owen wa jeshi la majini la Uingereza, aliyefika Mombasa mwaka 1824 akiwa katika kazi ya kupima pwani za Afrika, alikuwa akitafuta kina cha maji, na wapimaji wa aina yake walizoea kuandika kina cha maji yaliyokupwa, ili nahodha asidanganyike.

Weka ramani ya askari na ramani ya baharia pamoja, na utaona kana kwamba ni visiwa viwili tofauti. Kwa askari, bahari ni eneo tupu la buluu lenye mashua mbili za mapambo, na nchi imejaa mambo. Kwa baharia, nchi ni tupu isipokuwa alama chache za kuonea ukiwa mbali, na bahari imejaa tarakimu. Upande wa Kilindini ndio unaoonyesha tofauti hii vizuri. Jina lenyewe linatokana na kilindi, yaani maji yenye kina kirefu. Waliolitunga jina hilo walijua tayari kile ambacho wapimaji walikuja kukithibitisha kwa kamba yenye uzito wa madini ya risasi. Lakini Fort Jesus imeketi kwenye mlango mwingine, ule wa bandari ya kale. Kilindini iliachiwa vijingome vidogo kuelekea Ras Serani. Kwenye karatasi udhaifu huo uko wazi kama mchana, kwa anayejua kuutafuta.

Vipimo, rangi na mitego mingine

Nitapita haraka hapa, maana sehemu hii ni ya kuzoea kuliko kueleza.

Vipimo kwanza. Ramani ya Kireno hutumia braça, ambayo ni kama mita 2.2, na palmo, kama sentimita 22, kumi katika braça moja. Waingereza walipima kina kwa kipimo chao cha mita 1.83. Braça na kipimo hicho vilianzia kwenye mikono ya mtu iliyonyooshwa, kama ilivyo pima yetu, na palmo ni shubiri. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuogopa majina: ni pima na shubiri, za watu wenye mikono iliyotofautiana. Kosa ni kuzichukulia kuwa sawa. Umbali wa pima 100 za Kireno na wa pima 100 za Kiingereza zinatofautiana kwa karibu mita 37, na huo ni upana wa kutosha kuihamisha buruji nzima kutoka mahali pake.

Tafuta kipimio, ule mstari uliogawanywa kama rula pembeni ya ramani. Hicho ndicho cha kuamini. Ramani ikinakiliwa kwa udogo au ukubwa, kipimio hupungua au kukua pamoja nayo, na bado kinasema kweli.

Kaskazini si lazima iwe juu. Mchoraji alizungusha karatasi namna ilivyomfaa, mara nyingi bahari ikawa chini kwa sababu ndiko alikotokea. Tafuta mshale au ua la dira. Ukilipata, kumbuka kwamba ni kaskazini ya dira, si ya dunia, na hiyo husogea kadiri miaka inavyopita.

Rangi zina sheria zake, hasa kwenye kazi za wahandisi wa kijeshi wa Ulaya kuanzia mwishoni mwa karne ya 17. Nyekundu ni ukuta wa mawe uliopo. Njano ni ukuta unaopendekezwa. Tofauti hii imewaponza wengi: mtu anaona ngome kubwa ya kuvutia, anaandika kwamba iliwahi kuwako, kumbe nusu yake ni ombi la fedha lililokataliwa. Vistari vifupifupi vilivyopangwa kama manyoya ni miteremko. Kanuni ya kuvifanya vizito zaidi mteremko unapokuwa mkali iliwekwa sawa na Mjerumani Johann Georg Lehmann mwaka 1799, kwa hiyo kwenye ramani ya kabla ya hapo vistari hivyo ni ishara tu, usijaribu kuvihesabu.

Halafu kuna nakala. Ramani hizi hazikuchapishwa kuuzwa sokoni. Zilinakiliwa kwa mkono, ofisi hadi ofisi. Kazi ile ya Bocarro na Resende ina nakala zilizofika Évora, London na Paris, na hazifanani kila kitu. Mnakili asiyewahi kuiona Mombasa alipokuta doa, aliamua mwenyewe kama ni kisima au ni chozi la wino. Mwaka ulioandikwa kwenye karatasi unaweza kuwa mwaka wa kunakili, huku habari zilizomo ni za miaka 10 nyuma. Njia ya kujilinda ni kutafuta kitu kimoja ambacho tarehe yake unaijua kwa njia nyingine. Fort Jesus inatupa kitu hicho juu ya lango: maandishi ya mwaka 1635 ya Francisco de Seixas de Cabreira, kapteni wa miaka 27, akijisifu kwamba ameijenga ngome upya na kuongeza chumba cha walinzi. Ramani inayodai kuwa ya baada ya hapo lazima iwe na kazi yake. Isipokuwa nayo, inadanganya umri.

Ambayo hayakuchorwa

Kwa nini kapteni kijana alilazimika kuijenga upya? Kwa sababu mwaka 1631 ngome ilianguka, na haikuanguka kwa upande wowote ambao Cairati alivuta mstari.

Yusuf bin Hasan alikuwa mfalme wa Mombasa na Malindi. Wareno walimchukua akiwa mtoto, wakamlea Goa, wakambatiza Jerónimo, wakamrudisha kutawala chini yao. Mwezi Agosti mwaka 1631 aliingia ngomeni na watu wake kama mgeni anayefahamika, akamuua kapteni Pedro Leitão de Gamboa kwa kisu. Alipita langoni, kwa miguu yake. Mizinga yote iliyokuwa ikifagia ukuta kutoka ubavu hadi ubavu haikuwa na la kufanya. Kikosi kilichotumwa kutoka Goa mwaka uliofuata kilishindwa kumtoa, maana sasa ubora wa mchoro ulikuwa upande wake. Wareno waliingia tena baada ya yeye mwenyewe kuihama.

Kisha bahari, ile iliyodhaniwa kuwa salama. Mwezi Machi mwaka 1696 Waomani walifika kwa merikebu, wakashika mji, na kuizingira ngome kwa miezi 33. Kuta zilisimama vizuri, kwa kweli. Kilichowamaliza waliokuwa ndani ni njaa na maradhi, na kwa muda ulinzi wote ulibaki mikononi mwa Waswahili wa pwani wakiongozwa na Bwana Daudi wa Faza. Merikebu ya Santo António de Taná iliyoletwa kuokoa ikazama mwaka 1697 chini ya ngome hiyohiyo, na mabaki yake yangaliko humo majini. Tarehe 13 Desemba 1698 Waomani wakaingia. Wareno walirudi kidogo mwaka 1728, na José Lopes de Sá akaichora upya Mombasa. Mwaka uliofuata walikuwa wameshatoka. Mwanaakiolojia James Kirkman, aliyefukua ndani ya ngome kuanzia mwaka 1958, alizitumia ramani za namna hii kutambua nyumba ya kapteni ilikuwa wapi, kanisa wapi, birika wapi. Kwa kazi hiyo zilimfaa sana. Ramani ya kijeshi husema kweli zaidi pale inapozungumzia mawe yake yenyewe.

Inapozungumzia watu, ndipo inapokuwa hohehahe. Mji wa Mvita, yaani Mombasa yenyewe, umewekwa kama kundi la paa zinazofanana. Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, zile Taifa Tatu zilizokuwa na mashauri yao na ugomvi wao kisiwani, huwakuti kwa majina. Watu wa bara, waliokuwa wakileta chakula mjini, wanatajwa na Wareno kwa jina moja la jumla, Musungulo, na kwenye michoro ni miti tu. Sidhani ilikuwa siri au dharau pekee, ingawa dharau ilikuwepo. Mpima ngome hakuwa na alama ya kuchora mkataba, ukoo au kinyongo, na kilichoiangusha Fort Jesus mwaka 1631 kilikuwa kinyongo.

Ukitaka kuilaza ramani ya zamani juu ya ya leo

Siku hizi kazi hii hufanywa kwa kompyuta, bila gharama kubwa. Unatafuta sehemu zinazoonekana kwenye ramani zote mbili na ambazo una hakika hazikuhama, unazifunga pamoja, na programu inaivuta karatasi ya zamani ikae juu ya mpya. Ugumu uko kwenye neno "hazikuhama". Misikiti huhama kidogo kila inapojengwa upya. Pwani hufukiwa. Ncha za buruji za Fort Jesus ndizo sehemu bora kuliko zote, lakini hata hapo ujihadhari: Waomani waliziongeza kuta kimo na kuongeza minara, kwa hiyo funga kwenye msingi, usifunge kwenye kilichoko juu.

Ukifunga ncha nne za ngome tu, ngome itakaa sawasawa na kisiwa chote kitakwenda kombo. Usiilazimishe. Kiasi cha kombo ni habari: pale ambapo ramani inavutika zaidi ndipo mchoraji alipokisia, na pale inapotulia ndipo alipofika kwa miguu na kamba.

Jaribu kwenye Makupa. Kwa miaka mingi ungeilaza karatasi ukakuta mkono wa bahari wa Wareno unapita mahali ambapo leo pana tuta la barabara, maji yamezibwa, na ungedhani mchoraji alikosea. Mwaka 2022 lilifunguliwa daraja jipya la Makupa, tuta likatobolewa, na maji yakaanza kupita tena chini ya magari, pale palepale vijingome vilipochorwa.